Egesangio ya Elektroni

Siku yangu ya kwanza kufundisha Kemia, katika shule moja karibu na Masimba, mwalimu mkuu alinikabidhi ufunguo wa kabati. "Madam, hiyo ndiyo maabara," akasema, wala hakuwa akitania. Ndani mlikuwa na chupa tatu na mjusi mkavu.

Basi nilifundisha kwa maharagwe, kila punje elektroni moja. Muungano wa ioni haukunisumbua: sodiamu hutoa elektroni moja, klorini huipokea, kisha huvutana, na hiyo ndiyo chumvi ya mezani. Kazi ilikuwa ule muungano mwingine, ambapo atomi mbili hushiriki elektroni bila yeyote kumwachia mwenzake. Nilipoona nyuso zimeduwaa, niliweka kando Kiingereza cha vitabu nikasema, "Ni egesangio!" Huku Gusii, egesangio ni majirani kulimiana mashamba kwa zamu, leo kwako, kesho kwangu. Darasa likachangamka, nami kichwa kikavimba.

Nilipohamishiwa Keroka nilienda na egesangio yangu. Huko, katika Kidato cha Pili, alikuwako Kwamboka, msichana ambaye mkono wake haukujua kushuka. Alitaka kuwa mfamasia. Siku mkaguzi wa shule alipokuja kunipima nipandishwe cheo, aliuliza atomi za maji hushikanaje. Kwamboka akasimama. "Elektroni zinalala kwa oksijeni leo, kesho zinaenda kwa haidrojeni."

Mkaguzi alicheka hadi akavua miwani. "Nani amekufundisha hii maneno?"

Kosa lilikuwa langu. Elektroni hizo hazina zamu. Atomi zote mbili huzishika kwa wakati mmoja, na ndiyo sababu haziachani. Kwamboka alinitazama. Nikajifanya natafuta chaki.

"Hakuna, sir," Kwamboka akamjibu. "Nilifikiria tu mwenyewe."

Cheo nilikipata. Wiki iliyofuata Kwamboka alihamia dawati la nyuma, na alipochagua masomo ya Kidato cha Tatu akaiacha Kemia. Fomu yake niliitia sahihi mimi.

Nilistaafu nikiwa mkuu wa idara, Nyamira. Walimu vijana hunipigia simu kuuliza mifano mizuri. Ninawapa, na kuwaonya kwamba kila mfano una mahali unapokomea. La Kwamboka sijawahi kuwaambia, naona haya. Siku ile sikuhitaji mfano wowote. Nilihitaji maneno mawili, "Ni mimi," na mtoto wa watu alikuwa amesimama, akingoja niyaseme.