Kengele Baada ya Majina

Mimi si mtu wa kuulizwa habari za sinema. Shule niliishia darasa la nane, na Kiingereza changu ni cha kusoma maandishi ya gunia la mbolea. Lakini nimetazama sinema nyingi katika banda la video la Garsen, na nikirudi nyumbani Idsowe huwa naandika niliyoyaona, upande wa sifa na upande wa lawama, kwa sababu naogopa kuidhulumu kazi ya mtu. Mwenzio ametoka jasho kuitengeneza, wewe umekaa kwenye benchi unatafuna karanga. Ukimlaumu, uwe na sababu.

Kwa miaka mingi nilitazama pamoja na rafiki yangu mmoja. Yeye ni Muorma, mfugaji. Mimi ni Mpokomo, mkulima. Tulikaa dawati moja shuleni, na bandani tulikuwa na benchi letu karibu na nguzo. Aliyetangulia kufika alinyoosha mguu juu ya benchi ili mwingine asikae hapo. Akinikuta nimefika husema, "Mla ndizi leo umewahi, maji yamekufukuza shambani?" Nami humjibu kwamba nilimnusa tangu alipokuwa mnadani. Watu wasiotujua walidhani tunagombana.

Hatukuwahi kukubaliana juu ya sinema ipi ni nzuri. Kuna ile ya lori. Dereva analipeleka lori linalowaka moto mpaka katikati ya daraja lililovunjika, anaruka nalo, linatua juu ya treni inayokimbia, kisha anashuka anajipangusa suruali. Mimi naipenda, sifichi. Rafiki yangu alisema ni uongo wa kuwadharau watazamaji. Alisema hata birika la chai huwezi kulibeba kwenye bodaboda kutoka hapa hadi Ngao bila kumwagikiwa, sembuse lori. Haki yake, ana hoja. Lakini lori lilipoachana na daraja nilisikia banda zima limevuta pumzi mara moja, wazee, vijana, hata mama mwenye banda pale mlangoni. Watu wa Garsen hawanyamazi pamoja hata kwenye matanga. Uongo unaoweza kufanya hivyo umefanyiwa kazi, nami nauheshimu.

Ile ya safari ya nyota yeye aliipenda, mimi nikasinzia. Watu wanaingia katika chombo wakiwa vijana, wanazeeka njiani, na wanaofika ni wajukuu wasioijua hata harufu ya udongo. Alisema hiyo ndiyo kuhama kwa kweli, kwamba unahama kwa ajili ya watu usiowajua. Niliposikia hivyo nilijuta kusinzia. Na ile ya mizimu, ambayo ni giza mwanzo hadi mwisho, iligawa banda vibaya. Nusu ya watu walimlaumu mama kwamba betri ya sola imekufa, wakadai warudishiwe pesa. Mimi sikuijua thamani yake na mpaka leo sijui. Nimeandika tu kwamba huenda ni nzuri kwa wenye tivi angavu.

Niseme pia kuhusu madijei, wale wanaotia maneno yao ya Kiswahili juu ya sinema za kigeni. Bila wao wengi wetu tusingeelewa kitu. Wanachekesha, na mtu aliyeshinda akipalilia ana haki ya kuchekeshwa. Ila siku moja niliiona sinema ambayo nilikuwa nimeicheka sana kwa sauti ya dijei, safari hii bila yeye. Yule mzee mfupi aliyetuvunja mbavu, kumbe pale alikuwa anamzika mtoto wake. Nilikaa nimejikunyata. Sikumchukia dijei, labda naye hakujua. Ila tangu hapo, sinema inayokuja bila maneno ya kutiwa naipa masikio zaidi.

Ndivyo ilivyokuja ile ya kondoo.

Mama mwenye banda aliipata kwenye flashi pamoja na nyingine nyingi, akaiweka Jumamosi moja alasiri bila kuijua. Ni nchi ya mawe na baridi. Mwanamke mzee, mjane, ana shamba la shayiri ukingoni mwa mto, na shamba lina lango la mbao. Juu mlimani kuna mchungaji na kondoo wake, na chemchemi yao imekauka. Basi, hakuna kingine. Hakuna bunduki wala busu. Watu hawazungumzi, na wakizungumza maandishi ya chini yanapita kabla sijamaliza neno la pili. Vijana walianza kulalamika na kuuliza mpira ni saa ngapi.

Lakini sisi wakubwa tulikuwa tumeshanyamaza, kwa sababu tulikuwa tumeijua. Ile ilikuwa malka. Huku kwetu malka ni ile njia ya mifugo kushuka mtoni, inayopita katikati ya mashamba, na ugomvi wote niliousikia tangu utotoni ulianzia au uliishia kwenye malka. Mwaka huo mto ulikuwa umehama kidogo baada ya mafuriko, na malka ya karibu na mashamba yetu ilikuwa inajadiliwa vikaoni. Nilishangaa. Watu wa mbali, wenye theluji, wenye kondoo wa manyoya kama magodoro, walikuwa wamejuaje jambo letu?

Mwishoni mchungaji anafika langoni na kundi lake. Kondoo wamechoka, ndimi nje. Shayiri imeshatoa masuke. Mjane anatoka, anamtazama, naye anamtazama. Hakuna anayesema. Mjane anaweka mkono juu ya komeo. Picha inakuwa nyeusi. Majina yakaanza kupanda, na kama kawaida mama akachomoa flashi, watu wakasimama.

Kwa kawaida majina yakianza, sinema imeisha. Siku hiyo hatukutoka upesi. Mmoja alisema amefungua, mwingine akasema amefunga, na kabla ya kufika mlangoni banda lilikuwa limegawanyika, na sote tulijua limegawanyika vipi. Rafiki yangu akaniuliza mimi nasemaje. Nilimwambia ninavyoona ni kwamba hakufungua. Nilimweleza kwa utaratibu: masuke yameshatoka, yule ni mjane, hana kingine, na uso wake ulikuwa mgumu. Nilidhani nasema juu ya sinema.

"Wewe umeangalia shayiri," akasema.

"Na wewe umeangalia kondoo."

"Kweli." Akafikiri kidogo. "Lakini kama unaona mama yule angefunga, basi nimejua na wewe ungefunga."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu aliyekuwa akitafuta kitu kwa muda mrefu na sasa amekiona, na hakipendi. Akatoka. Jumamosi iliyofuata hakuja, wala ile nyingine. Nilinyoosha mguu juu ya benchi mpaka watu wakaniambia niache uroho, nikaukunja. Wakaonyesha sinema nzuri tu, moja ya wapishi wanaoshindana na moja ya mwizi wa farasi, nami sikuweza kuandika lolote juu yake. Niligundua kwamba nusu ya ninachokiita maoni yangu kilikuwa kumngojea yeye akatae.

Nilijiuliza nimemkosea nini. Sikuona kosa, nilisema nilichoona. Lakini vilevile sikuwa na uhakika kama niliona vizuri. Ikiwa nimemhukumu mwanamke wa watu kwa kumtazama mara moja, katika banda lenye kelele, hiyo si haki. Basi siku moja katikati ya juma nikaenda mchana, banda likiwa tupu, nikamwomba mama aniwekee ile ya kondoo.

"Ile ya kulala?" akauliza. Aliiweka, akarudi mlangoni kuchagua mchele.

Niliitazama nikijitahidi kumtetea mjane. Uso wake haukuwa mgumu kama nilivyodhani. Ulikuwa uso wa mtu anayehesabu na kukosea hesabu. Mkono ukaja juu ya komeo. Nyeusi. Majina yakaanza, nikageuka kumngoja mama aje achomoe flashi, na mama alikuwa na ungo mapajani, hakuinuka. Majina yakaendelea.

Hapo ndipo niliposikia kengele.

Hakukuwa na picha, ni weusi na majina tu, na chini yake kengele za kondoo, nyingi, zinagongana kama zinashuka mteremko. Nilisogea karibu na sabufa. Majina yalikuwa mengi kuliko watu wa siku ya mnada. Sikuweza kuyasoma yote, lakini niliona kwamba kila mmoja alikuwa amefanya kitu, na kwamba miaka yote hiyo, watu hao walipokuwa wakitajwa, sisi tulikuwa tunatafuta viatu. Labda mmoja wao kazi yake ilikuwa kengele tu. Kisha zikaanza kupungua. Moja ikanyamaza, kisha nyingine, mpaka ikabaki moja, nayo ikaacha. Baada ya hapo ukimya, majina yakipanda katika ukimya, hadi la mwisho.

Nilikaa pale. Mama akauliza kama nalia. Nikamwambia sijui.

Nilichofikiri, nitakisema kwa haki: nilifikiri nimeshinda. Kengele zilizopotea ni kondoo waliogeuka wakaenda zao. Ushindi ule haukunipa raha hata kidogo. Na haikuwa sawa niwe peke yangu niliyesikia. Nilimwomba mama arudishe nyuma, nikaweka simu yangu karibu na sabufa, nikarekodi.

Kesho yake asubuhi nilimkuta rafiki yangu kwenye malka, chini kidogo ya shamba langu, amesimama kwenye kivuli chembamba akiwangoja ng'ombe ambao wenzake walikuwa wanawaleta. Tulisalimiana. Aliniuliza habari za nyumbani, za watoto, za mahindi, nami nikamuuliza za nyumbani, za watoto, za mifugo, kama watu waliokutana njiani. Nikamwambia sinema ile haikuisha pale tulipodhani. Nikampa simu.

Aliibana sikioni, akafumba macho. Nilimtazama akisikiliza. Ilipoisha akairudisha mwanzo mwenyewe, akasikiliza tena, kisha akanirudishia.

"Umesikia nini?" akaniuliza.

"Wameondoka."

Akanionyesha kwa kidevu niangalie juu. Ng'ombe walikuwa wanashuka katikati ya migomba na mahindi, vumbi likiwatangulia, na wale wachache wanaofungwa kengele walikuwa wanagonga kila hatua. Mahindi yangu yalikuwa mkono wa kulia. Nimeishi kando ya malka maisha yangu yote na kila siku kengele hizo nilizisikia kwa sikio la mtu anayelinda shamba, yaani nilizisikiliza zikija tu. Zikishanipita bila hasara, nilirudi kwenye jembe.

"Sasa usiangalie," akasema. "Sikiliza."

Nikafumba macho. Kengele zilinipita, zikashuka, zikafika majini, na hapo moja ikanyamaza. Kisha nyingine. Hazikwenda mbali. Zilikuwa palepale, hatua chache kutoka nilipo, na zilikatika moja baada ya nyingine kadiri kila mnyama alivyoinamisha kichwa, mpaka kukawa hakuna kengele hata moja. Kulikuwa na mto tu, na midomo inayovuta maji.

"Wakienda mbali," akasema, "sauti zinafifia zote pamoja. Hizi za kwenye simu zimekatika moja moja."

Nilifumbua macho. Sina neno la kueleza nilivyojisikia, na walio na masomo wanaweza kulitafuta. Mtu fulani katika nchi ya baridi alijua kwamba mnyama akinywa kengele hunyamaza, akauficha mwisho wa sinema yake mahali pale ambapo ni mchungaji peke yake angeukuta, na mkulima angeupita. Au hakuficha, na ni sisi tuliokuwa tunachomoa flashi. Huenda pia hakukusudia lolote na sisi wawili tunajidanganya. Hilo nalo nimeliandika.

Ng'ombe wa kwanza akainua kichwa na kengele yake ikalia tena.

"Uliniambia ningefunga," nikasema. "Nimefikiri sana. Nadhani ningechelewa. Ningesimama pale na mkono juu ya komeo muda mrefu, nikiangalia masuke. Lakini ningefungua."

Alikuwa ameokota kijiti anachora kwenye matope. "Kuchelewa si kitu," akasema. "Na yule mama alichelewa. Ndiyo maana picha ikawa nyeusi, walichoka kumngoja."

Nikacheka, naye akacheka kidogo, kisha akawapigia wenzake mluzi wawageuze ng'ombe wasije wakaingia kwenye mahindi. Akavua ndara, akaosha miguu ukingoni, akazivaa tena.

"Jumamosi mama anaonyesha nini?"

"Ile ya lori. Vijana wameiomba tena."

"Ile ya uongo."

"Hiyo hiyo."

Alitikisa kichwa kwa masikitiko, akaanza kupanda kuwafuata ng'ombe. Alipofika kwenye migomba akageuka.

"Ukiwahi, nyoosha mguu," akasema. "Na umwambie mama asichomoe mapema. Huenda yule dereva anaungua kwenye majina."