Jenereta Ilivyopata Pakavu

Mkavu alikuwa na ugomvi na maji ya chumvi, na bado alikubali kulipwa ili ashinde juu yake. Usimcheke. Wapo walimu wasiopenda watoto na wapishi wasioonja chakula chao. Yeye alikuwa fundi wa umeme na mitambo kwenye boti ya kuvulia samaki kwa starehe, zile boti ambazo watu wenye nafasi hukodi waende wakapigane na samaki ambaye hajawakosea kitu, wapige naye picha, kisha warudi hotelini kula kuku.

Jina hilo alilipata gatini kwa sababu ya kitambaa. Alitembea nacho mfukoni, na popote alipoona tone alipangusa: kwenye reli, kwenye betri, kwenye glasi ya mtu ambaye hajamaliza kunywa. Inasemekana siku moja alimpangusa Tajiri, mwenye boti, jasho la upara katikati ya mazungumzo, na wala hakukatisha sentensi.

Nyumbani aliitwa Baba Pacha. Pacha wenyewe walishakua wakahama, wakawaachia wazazi jina kama watu wanavyoacha viatu vya zamani nyuma ya mlango. Mkewe, Mama Pacha, alikuwa na kaka mmoja tu, na huyo kaka ndiye aliyekuwa nahodha wa boti. Nafasi hiyo hakuiokota. Mkavu ndiye aliyemshika Tajiri mkono akamwambia, "Shemeji yangu anaijua bahari kama mfuko wa suruali yake." Tajiri akamchukua. Tangu siku hiyo Nahodha alivaa miwani ya jua hata mvua ikinyesha.

Sasa jenereta. Ilikaa nyuma kabisa ya boti, ndani ya shimo lililo chini ya sitaha, pale pale wavuvi wanaposimama kuvutana na samaki. Juu yake palikuwa na kifuniko. Aliyeiweka pale aliichora boti kwenye karatasi, na karatasi haina mawimbi. Samaki mkubwa akinasa, Nahodha huirudisha boti kinyumenyume kwa kasi kumfuata, na bahari hupanda nyuma ya boti ikamwagika sitahani hadi magotini. Wageni hupiga kelele za furaha. Chini yao, jenereta hunywa.

Mkavu alibadilisha mpira wa kifuniko mara nyingi kuliko alivyobadilisha mashuka. Maji yakaingia tu. Jenereta ikazama, akaifufua. Ikazama tena siku ambayo Tajiri mwenyewe alikuwa na wageni wake. Kiyoyozi kikafa, friji ikafa, na mgeni mmoja mnene akaomba arudishwe nchi kavu kabla hajafa na yeye.

Tajiri hakufoka. Matajiri wa kweli hawafoki, wana watu wa kuwafokea. Alimwambia Mkavu kwa upole, "Ikizama tena sitanunua jenereta nyingine. Nitatafuta fundi mwingine."

Siku zote Mkavu alijua dawa: jenereta ihame. Alishaufanya na uchunguzi wake, akitandika karatasi ya chooni kila pembe ya boti kisha kuangalia wakirudi safari. Pembe nyingi zilirudisha uji. Mahali pamoja tu, chini ya kochi la sebule ya boti, mbele ya injini, karatasi ilirudi kavu kiasi kwamba ungeweza kuitumia bila kinyongo. Tatizo ni kwamba chini ya kochi ndipo Nahodha alipohifadhi fimbo zake za kuvulia, na kila Mkavu alipogusia jambo hilo alijibiwa, "Shemeji, mke wangu niondolee, fimbo zangu niachie."

Kumbe jioni ile baada ya onyo la Tajiri, Nahodha alikuja nyumbani bila kualikwa, akavua miwani, akakaa.

"Shemeji, nimefikiria sana. Jenereta ihame. Fimbo zangu nitazifunga darini."

Mkavu aliweka kikombe chini. "Wewe unasema hivyo?"

"Nisiposema mimi aseme nani? Wewe ukifukuzwa, dada yangu atakula nini? Tajiri niachie mimi, nitasimama na wewe."

Mama Pacha alikuwa mlangoni na ungo mkononi. Hakusema kitu. Mkavu aliona machozi yanamlenga mkewe akadhani ni furaha. Mwanamume akivikwa kilemba cha ukoka huwa haangalii kioo.

Kazi waliifanya boti ikiwa gatini. Waliinyanyua jenereta kwa winchi ya mnyororo, wakaipitisha mlango wa sebule ikiwa imeacha nafasi ya kidole, na Nahodha mwenyewe alivuta mnyororo hadi shati likamganda mgongoni. Mkavu alimpangusa. Akaijengea jenereta kitanda cha chuma chenye miguu ya mpira, akaifunga kwa bolti, akatandika chini yake karatasi ya chooni kwa mazoea. Kisha akatoboa kuta na kupitisha paipu ya waya, kutoka pale chini ya kochi hadi kwenye shimo la zamani, maana taa za nyuma na friji ya wavuvi zilihitaji umeme.

Kilichobaki ni kuuziba mdomo wa paipu kule nyuma. Alikuwa ameshatoboa pua ya mrija wa silikoni ya kuzibia Nahodha alipomshika bega.

"Usizibe kwanza, shemeji. Nina waya wangu wa taa nataka kuupitisha humo humo. Nitaziba mwenyewe."

"Utaziba vizuri?"

"Wee! Mimi mtoto? Nenda kapumzike. Safari ya kesho usije, kaa na dada yangu. Analalamika anaishi na kitambaa."

Huyo mtu ambaye hakuweza kuiacha glasi yenye unyevu mezani aliliacha tundu wazi kwenye boti. Aliliacha kwa sababu aliyemwomba ni shemeji. Angekuwa mtu mwingine, angemziba na yeye.

Kesho yake mchana alikwenda gatini kuipokea boti. Ilirudi na bendera ya ushindi ikipepea, samaki mrefu kuliko kochi akining'inia, wageni wakicheka, na Tajiri akijipepea kwa kofia. Mkavu alipoona kofia, akamsahau samaki. Tajiri hajipepei kiyoyozi kikiwa kizima.

"Fundi," Tajiri alisema, "karibu uone."

Mkavu alifunua kochi. Jenereta ilikuwa imekaa kwenye maji hadi kiunoni, imetulia kama bibi anayeoga. Alipiga magoti. Karatasi ya chooni ilikuwa imelowa yote, lakini vipande vyake vilikuwa vimesukumwa mbali na mdomo wa paipu, vikaacha njia safi katikati. Maji yalikuja kwa paipu. Akatoka mbio kwenda nyuma, akafungua kifuniko cha shimo la zamani.

Samaki wadogo wakamtazama.

Lilikuwa tangi la plastiki la buluu, jipya, limekaa kwenye shimo kana kwamba boti ilizaliwa nalo. Chambo hai. Samaki walizunguka humo wakiwa na afya njema, na kila boti ilipoyumba, maji yaliruka ukingoni mwa tangi na kuteremka moja kwa moja kwenye mdomo wa paipu. Waya wa taa haukuwepo. Haukuwahi kuwepo.

Hapo ndipo Mkavu alipoelewa. Miaka yote Nahodha alimwomba Tajiri tangi la chambo hai, Tajiri akakataa, boti haina nafasi. Sasa nafasi imepatikana. Jenereta haikuhamishwa ili ipate pakavu. Ilihamishwa ili samaki wapate maji.

"Bosi, angalia," alisema, akionyesha mdomo wa paipu. "Maji ya tangi ndiyo yaliyopita kwenye tundu hili."

Tajiri aliinama akaangalia. "Tundu la nani?"

"Langu. Lakini Nahodha aliniambia nisizibe."

Tajiri alimgeukia Nahodha. Nahodha alivaa miwani.

"Mimi nahodha, bosi. Mambo ya kuziba na kuzibua nitayajulia wapi? Nilimwambia jamani jenereta tuiache ilipokuwa, akasisitiza. Shemeji yangu ni kichwa ngumu, lakini ni mtu mzuri."

Hilo la mwisho ndilo lililomchoma Mkavu kuliko yote. Mtu akikuuza angalau asikusifie bidhaa.

"Shemeji," alisema. "Niangalie."

"Nakuangalia."

"Vua miwani uniangalie."

Nahodha alipiga chafya, akaenda kuwasaidia wageni kupiga picha. Tajiri alimtazama yule samaki mrefu, akalitazama tangi lililomleta, na hesabu ikamalizika kichwani mwake bila karatasi. "Fundi, nilikwambia. Na hilo dude litoe humu, sitaki kuliona."

Mkavu alikodi mkokoteni. Aliisukuma jenereta hadi nyumbani ikidondosha maji ya chumvi barabarani, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakupangusa.

Mama Pacha alipouona mkokoteni alikaa chini palepale uani.

"Ulijua," Mkavu alisema.

"Alisema ni katangi kadogo. Akasema nikikwambia utakataa kuhamisha, halafu itazama tena, utafukuzwa. Baba Pacha, nilitaka usifukuzwe."

"Nimefukuzwa."

"Naona."

Waliishi siku nyingi wakiongea mambo ya chumvi na mkaa tu. Mkavu aliifungua jenereta uani, akaiosha kwa maji baridi ya bomba, akaianika vipande vipande juu ya mkeka kama dagaa. Mama Pacha alileta kanga zake za zamani bila kuombwa, akawa anapangusa nati moja moja na kuzipanga kwa ukubwa. Hawakutazamana. Siku jenereta ilipounguruma tena, wote wawili waliruka, kisha wakakumbuka kwamba wamenuniana.

Huko gatini habari zilikuwa nyingine. Tajiri alinunua jenereta mpya, ikawekwa chini ya kochi, juu ya kile kile kitanda cha chuma. Paipu ikazibwa. Boti za jirani zikaja kuangalia, zikaiga, na wote wakapaita mahali hapo "pa Nahodha". Mwenyewe alieleza, mkono kiunoni, jinsi alivyowaza.

Siku moja ya mapumziko, mchana wa joto la kupasua bati, Nahodha alikuja kula kwa dada yake. Ndugu ni ndugu, hata mwenye miwani. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima, lakini nyumbani kwa Mkavu jenereta iliunguruma uani na feni ilizunguka sebuleni. Nahodha alikaa chini ya feni, akafungua vifungo viwili, akala sahani mbili. Mkavu alikula yake upande wa pili wa meza.

"Shemeji," Nahodha alisema akifuta mdomo, "yaliyopita si ndwele."

"Maliza kula."

"Nilitaka tu... ile mpya inagonga. Huyu fundi tuliyeletewa anaisikiliza kwa simu. Tajiri ana wageni wiki hii, na ikimfia mkononi mwangu..." Alishusha sauti. "Pita asubuhi mapema, kabla watu hawajafika. Nitasema nimeirekebisha mwenyewe, isije ikamuudhi kwamba umerudi."

Mkavu aliinua macho. Mkono ulimwendea mfukoni kutafuta kitambaa, na lazima isemwe ukweli: alikuwa anataka kwenda. Masikio yake yalikuwa tayari yameshafika kwenye boti, yakisikiliza ule mgongano wa chuma, yakijiuliza kama ni bolti za kitanda. Alifungua mdomo.

"Hana nafasi," alisema Mama Pacha.

Wanaume wote wawili walimgeukia.

"Dada, mimi naongea na mume wako."

"Na mara ya mwisho uliongea na mimi, nikanyamaza. Nilinyamaza mara moja, kaka. Fundi wa nyumba hii hana nafasi."

Akatoka kwenda uani. Ngurumo ya jenereta ikakatika. Sebuleni feni ilizunguka polepole, ikazunguka kwa uvivu, ikasimama, na jasho likaanza kuteremka kutoka kwenye paji la uso la Nahodha hadi ndani ya miwani yake.

Mkavu alikuwa na kitambaa mkononi, kikavu kabisa. Alikikunja, akakirudisha mfukoni.