Namba Arobaini na Saba

Mtaani walimwita Mzee wa Sumaku, ingawa hakuwa mzee. Kaka yangu aliendesha mashine ya sumaku ya kupiga picha za ubongo, iliyoletwa chuoni kwa ushirikiano na chuo kimoja cha ng'ambo. Walitaka picha za vichwa vya watu wasioumwa, wazilinganishe na za wagonjwa wao. Majirani na ndugu tukajitolea.

"Vua hereni, mdogo wangu," aliniambia zamu yangu ilipofika. "Na usiwaze mambo ya watu humo ndani. Yataonekana."

"Yangu yana nafuu, kaka. Tungekulaza wewe ingekuwa aibu ya ukoo."

Kila aliyetoka alipewa cheti cha shukrani, chenye mhuri wa vyuo viwili na sahihi ya kaka.

Kaka alikuwa mtu wa utaratibu hadi kero. Hakupita penye picha ya ukutani iliyokaa upande bila kuinyoosha, hata kwenye nyumba za watu. Mkataba ulitaka siri, kwa hiyo kila mtu alikuwa namba, tarehe zilifutwa, na kompyuta ilinyoa uso kwenye picha, mtu asitambulike, kabla ya kuituma. Orodha moja tu, ya majina na namba, ilitakiwa kubaki kabatini. Mradi ulipoisha, kaka aliona siri ya mtu ni amana, akaipitisha orodha hiyo kwenye mashine ya kuchana karatasi. Hakumuuliza mtu.

Miezi minne baadaye aliniita jikoni kwake, simu mkononi. Wale wa ng'ambo walikuwa wameandika: namba arobaini na saba, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, ana uvimbe upande wa kushoto. Bado mdogo. Akiwahi atatibika. Tafadhali mjulisheni.

"Mjulishe basi," nikasema.

"Nimjulishe nani?"

Ndipo akaniambia habari ya orodha.

Wanawake wa umri huo tulikuwa kumi na mmoja. Alituandika upya kwa kumbukumbu. Mashine ya chuo ilikwisha kuzimwa, akawa anapiga magoti hospitali nyingine, wakimpa nafasi moja kila baada ya wiki tatu au nne. Mimi nilikuwa wa tano. Nilipoambiwa kichwa changu ni safi nilicheka kwa furaha, kisha nikahesabu waliobaki. Kupona kwangu kulikuwa kumsogezea mwingine kaburi.

Wa kumi naye akawa safi. Alibaki mmoja, mshonaji aliyehama, ambaye simu yake haikupatikana tangu mwanzo. Tulimpata kwa kuuliza wateja wake wa zamani. Binti yake ndiye aliyetufungulia mlango.

"Mama tulimzika mwezi uliopita, mjomba. Mlikuwa mnamfahamu?"

Kaka alikuwa ametazama ukutani, juu ya cherehani iliyofunikwa kitambaa. Cheti kilikuwa ndani ya fremu.

"Hicho ndicho kilichomponza," yule binti akasema, bila hasira. "Kichwa kikimuuma tunamwambia twende hospitali. Anatuonyesha hicho. Anasema, 'Mimi nimepigwa picha na vyuo viwili. Ningekuwa na kitu, si wangeniambia?'"

Cheti kilikuwa kimekaa upande. Kaka akanyoosha mkono akakiweka sawa, kama alivyozoea, kisha akabaki hivyo, vidole juu ya fremu, mpaka binti akamvutia kiti.