Mlenda wa Baba Mkwe

Nasema mwenyewe kabla hamjasimuliwa. Siku tatu nilitoka Miyuji na mtoto mgongoni kumpelekea baba mkwe chakula wodini, na siku zote tatu alikula ugali mkavu, mlenda hakuugusa. Kiharusi kilimlegeza upande wa kushoto, lakini kumeza alimeza vizuri. Nikajua ni dharau tu, maana mama mkwe alishasema mlenda wangu hauvutiki.

Jana nilichoka. Daktari bingwa alipofika kitandani, nikamwambia wodi nzima ikisikia, “Daktari, mwambie huyu mzee kama hataki mapishi yangu aseme, niache kujichosha.”

Yule daktari mama aliigeuza sahani taratibu, mlenda uliokuwa kushoto ukaja kulia.

“Macho yake ni mazima,” akasema. “Ni ubongo ndio umeusahau upande wa kushoto.”

Baba mkwe akautazama mlenda kama mgeni aliyebisha hodi. Akamega tonge, akachovya, akala. Kisha akaniangalia, machozi yakimlengalenga.

“Mama Zawadi, leo umenisamehe? Siku zote hizi unaniletea ugali mtupu, nikawaza nimekukosea nini, mwanangu.”