Mahali Wimbo Usipopiga

Deborah alijaliwa vidole vyepesi. Katika duka dogo alikofanya kazi, mtaa wa Panda mjini Likasi, watu walikuja kuchapisha barua za kuomba kazi, kutoa nakala za vyeti na kupiga picha za vitambulisho, naye aliweza kuandika ukurasa mzima huku akicheka na mteja, macho yake yasiguse mashine hata mara moja. Wateja walimpenda kwa hilo. Lakini nyakati ambazo hapakuwa na mteja, malori ya mawe ya shaba yakipita na kuifunika kaunta kwa vumbi jekundu, vidole vile vilikuwa na shughuli nyingine. Alitengeneza ngazi za mchezo wa mapigo.

Mchezo wenyewe si mgumu kuueleza. Wimbo unalia, alama ndogo za rangi zinashuka kwenye kioo cha simu kama matone ya mvua, na mchezaji anagusa kila alama inapofika kwenye mstari wa chini, sambamba na mpigo. Utamu wake ni kwamba mtu yeyote anaweza kuchukua wimbo, akaupangia alama zake mwenyewe, kisha akautuma mtandaoni wengine wauchezee popote walipo. Mpango huo wa alama ndio unaoitwa ngazi. Deborah aliujua mchezo kwa binamu yake Cyrille, fundi wa kompyuta aliyehamia Lubumbashi, na tangu hapo hakuuacha.

Mwanzoni aliamini kwamba ngazi nzuri ni ile inayomshinda mtu. Alijaza alama hadi kioo kikafanana na siafu waliomwagika njiani. Penye pigo moja aliweka manne. Penye kimya aliweka mengine, maana kimya kilionekana kwake kama uvivu. Wachache waliomaliza ngazi zake walimsifu, na sifa hizo alizisoma na kuzirudia akiwa anakunja nguo, akiwa anasonga bukari, ugali wa kwao, hata kanisani.

Kisha mchezaji mmoja wa Mbeya, mwanamke, akamwandikia chini ya ngazi yake mpya: "Hongera kwa kazi, dada. Ila umeweka mapigo mahali wimbo usipopiga. Vidole vyangu vinakimbia, masikio yangu yamebaki nyuma."

Deborah alimpigia simu Cyrille siku ileile, akimwita Ya, yaani kaka, kama kawaida yake.

"Ya Cyrille, umesoma vile ule mama ameandika? Eko na wivu tu."

"Wivu ya nini? Hakujue hata," Cyrille alijibu. "Mi pia nilicheza ile ngazi. Nilichoka mbele kiitikio ianze."

"Na weye pia!"

"Njo bile, ni kweli, Debo. Nilikuwa naogopa kukuambia."

Alikata simu. Kwa majuma kadhaa hakufungua tena programu ya kutengenezea ngazi. Alijiambia kwamba ni mambo ya kitoto, kwamba msichana wa umri wake angepaswa kufikiria vingine.

Aliyemrudisha ni mjomba wake, ingawa mzee mwenyewe hakukusudia.

Tonton Théophile na mkewe, tantine Julie, ndio waliomlea Deborah tangu wazazi wake walipofariki. Walikaa katika mojawapo ya nyumba za matofali za kambi ya zamani ya wafanyakazi, yenye kibaraza kidogo na mti wa mparachichi nyuma. Mjomba alikuwa amefanya kazi kiwandani, lakini ukimuuliza mtu yeyote wa parokia, angekuambia kwanza kwamba Théophile ni mpiga ngoma wa kwaya. Ndivyo alivyojulikana mpaka ugonjwa wa kutetemeka ulipomshika mikono. Fimbo zilianza kumponyoka. Siku moja alizikabidhi kwa kijana mwingine, akarudi nyumbani, na kuanzia hapo Jumamosi za mazoezi alikuwa akipata udhuru: mara mgongo, mara mvua. Tantine Julie, ambaye ndiye kiongozi wa kwaya, alikwenda peke yake, akarudi peke yake, wala hakumuuliza kitu.

Sasa, katika simu ya tantine kulikuwa na rekodi ya sikukuu ya kwaya, wimbo ambao wanakwaya waliutunga wenyewe, na ngoma ndani yake ilipigwa na Théophile siku za uzima wake. Deborah akapata wazo. Angeutengenezea wimbo ule ngazi, ampe mjomba wake zawadi. Aliomba ruhusa kwa tantine, akaifanya kazi ile kwa siri dukani, na alipomaliza, kioo kilipendeza kama kitenge kipya.

Jumapili baada ya chakula akaiweka simu mezani mbele ya mjomba.

"Tonton, sikiliza kwanza. Kila alama ikifika apa chini, unagusa."

Wimbo ukaanza. Théophile aliitambua sauti ya mkewe, uso ukamlegea kwa furaha. Akagusa. Akagusa tena. Simu ikatetema na kuandika kwa herufi nyekundu kwamba amekosa. Alijaribu upya, akainamia kioo kama mtu anayetia uzi kwenye sindano. Amekosa. Mara ya tatu simu haikungoja hata sauti za wanawake ziingie, ikauzima wimbo.

Mzee aliisukuma simu pole pole mpaka ikafika upande wa Deborah.

"Minye njo nilipiga hii ngoma," alisema. "Sasa hii telefone inaniambia sijue ngoma yangu?"

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomuuma Deborah zaidi. Alitaka kumfariji kwamba ni mikono, ni ugonjwa. Lakini alipokuwa bado anatafuta maneno, tantine Julie, aliyekuwa akikusanya sahani, aliurudisha wimbo mwanzo kwenye simu yake, bila mchezo wowote, akaanza kuuimba. Na mjomba akaanza kuupiga kwa mdomo: *pa, ti-pa, pa-pa, ti-pa.* Deborah akaianzisha ngazi yake upya pamoja nao, akatazama alama zikishuka kwenye kioo huku akimsikiliza. Alama zilikwenda upande mmoja, ngoma upande mwingine.

Ndipo alipoelewa. Alikuwa ameipanga ngazi kwa macho. Kompyuta ilimchorea mistari iliyolingana, naye akapachika alama juu ya mistari, akidhani wimbo unatembea sawasawa kama saa ya ukutani. Lakini kwaya ni watu. Walipofika kwenye sifa walikimbia kidogo kwa furaha. Walipotaja marehemu wao walipunguza mwendo, na ngoma ikawafuata. Yeye alikuwa ameuchezea wimbo ule kwa majuma bila kuusikiliza hata mara moja mpaka mwisho akiwa ametulia. Na yule mama wa Mbeya alikuwa amemwambia hivyohivyo, tena kwa upole.

"Tonton, unisamehe," alisema. "Haina weye umekosa. Ni minye. Tutengeneze pamoja?"

"Minye na kompyuta? Bongo, unanidanganya!" Mzee alicheka. Lakini hakusema hapana.

Basi wakaanza. Mwenye duka aliwaruhusu kutumia mashine baada ya kazi. Théophile aliketi kwenye kiti cha wapigwa picha, akipiga kwa mdomo, Deborah akiweka alama moja, akirudisha, akisikiliza, akiisogeza nyuma kiasi cha unywele mmoja, akirudisha tena. Muda uliokuwa ukimtosha kwa ngazi nzima sasa ulimaliza vipande vidogo tu vya wimbo. Mwanzoni vidole vilimwasha kwa haraka. Baadaye akagundua kwamba hachoki kama zamani, kwa sababu hakuwa anashindana na mtu.

Wala mjomba hakuwa mwalimu asiyekosea. Mahali fulani katikati ya wimbo alishikilia kwamba kuna pigo kubwa. Deborah hakulisikia. Walibishana mpaka wakaurudia wimbo kwa sauti ya juu kabisa, mpita njia akasimama mlangoni kutazama. Pigo halikuwapo. Théophile akakuna kichwa, kisha akaanza kucheka mpaka machozi yakamtoka.

"Ah, nimekumbuka! Siku ile fimbo ilianguka. Nilikuwa naitafuta chini ya benchi, bale banaendelea kuimba!"

"Sasa tuweke nini pale?"

"Usiweke kintu. Acha bule. Bantu bapumue."

Zamani Deborah angepaona pale kama shimo la kuzibwa. Sasa alipaacha wazi, na alipocheza sehemu ile alihisi mabega yake yakishuka yenyewe kabla ya ngoma kurudi.

Walipokaribia mwisho, umeme ukakatika ghafla kama unavyokatika Likasi, na mashine ilipowaka faili lilikuwa limeharibika, halifunguki. Deborah aliinamisha kichwa juu ya kaunta. Angekuwa yule wa zamani, angeapa asirudi tena. Théophile alingoja, akapanguza vumbi la kioo kwa mkono wa koti lake.

"Wimbo eko bado?" aliuliza.

"Eko, ndani ya telefone ya tantine."

"Basi hatukupoteza kintu."

Haikuwa kweli kabisa, maana walikuwa wamepoteza kazi kubwa. Lakini walipoanza upya Deborah aliona kwamba mengi aliyokuwa akiyapenda katika ngazi iliyopotea hakuyahitaji tena. Ngazi hii mpya ilikuwa na alama chache, na kila moja ilikuwa na sababu yake. Akatengeneza na nyingine nyepesi ya wimbo uleule, yenye alama kubwa na muda mpana wa kugusa, ili vidole vinavyotetemeka visihukumiwe kama vidole vizima. Zote mbili alimtumia Cyrille, na safari hii akamwambia: "Ya Cyrille, usinionee haya. Niambie fasi gani inakuchokesha." Cyrille alimwambia mwanzo ni mzito mno. Deborah akausikiliza mwanzo tena, akaupunguzia alama.

Ngazi ile haikumpa umaarufu. Waliicheza watu wa hapa na pale. Mama wa Mbeya aliandika: "Dada, leo nimeusikia wimbo. Huyo mpiga ngoma ni nani? Mpe salamu zangu." Deborah alikwenda na ujumbe huo nyumbani mbiombio, akausoma kwa sauti jikoni. Théophile aliomba asomewe tena. Kisha akasema asomewe tantine Julie, ambaye alikuwa amesimama palepale na alikuwa amesikia yote.

Mzee aliimaliza ngazi nyepesi kwa vidole gumba, jasho likimtoka, akikosa hapa akipata pale, na simu safari hii iliuacha wimbo ufike mwisho. Mikono yake haikupona. Lakini Jumamosi iliyofuata alivaa viatu kabla ya mkewe, akaketi mazoezini karibu na kijana anayepiga ngoma, akimhesabia kwa mdomo. Kijana aliomba aje tena.

Jioni ile mezani ilikuwa zamu ya Deborah kusali. Alimshukuru Mungu kwa chakula, kwa tonton na tantine, kwa Cyrille aliyesema kweli, na kwa mwanamke wa Mbeya asiyemjua sura, ambaye yeye mwenyewe alikuwa amemkasirikia bure. Alishukuru hata kwa umeme uliokatika, tantine Julie akafungua jicho moja kumtazama. Sala ilirefuka, bukari ikaanza kupoa, na mjomba akaitikia "Amina" kabla ya wakati.

Mwezi uliofuata kwaya ilialikwa misheni ya Kapolowe. Akina mama wa kule walikuwa na wimbo wao wa mavuno, na tantine aliwaomba ruhusa ili Deborah autengenezee ngazi. Walipoanza kuimba, kijana mmoja wa kwaya alimgusa bega.

"Debo, hauko narekodi?"

"Bado," alinong'ona. "Watarudia. Kwanza nisikie."

Akaweka mikono mapajani. Akina mama walipiga makofi wakiinama na kuinuka, mmoja wao akiwa na mtoto mgongoni aliyelala fofofo, na Deborah akasikiliza mpaka mwisho.