Dada wa Mkandarasi

Barua ile niliiandika mara tisa. Haikuwa ngumu. Koma moja tu ilikuwa inaninyima raha, na kila nilipoirekebisha niliona kosa lingine.

Nilikuwa katibu wa kamati ya kujenga uwanja wa besiboli wa kata yetu, nje kidogo ya mji wa Bariadi. Mambo ya zabuni sikuyasomea popote. Nilijifundisha kwenye simu na kwenye miongozo ya kuazima, nikiogopa kwamba siku moja atatokea mtu aliyesoma kweli aniumbue. Ndiyo maana niliing'ang'ania dhamana ya utekelezaji, karatasi ambayo kwayo kampuni ya bima inaahidi kwamba mkandarasi akishindwa, wao watalipa ili kazi imaliziwe.

Mwenyekiti wetu, mwalimu mstaafu, hata mchezo wenyewe hakuuamini. "Mtu anapiga mpira halafu anakimbia mpaka anarudi pale pale alipoanzia," alisema kikaoni. "Si angebaki tu?" Watu wakacheka. Wajumbe walitaka mkandarasi aje na mdhamini wa kwao, mtu mwenye ng'ombe na boma linalojulikana, kama tulivyozoea huku. Nikasimama nikasema hayo ni ya zamani, yanagombanisha ndugu. Dhamana ya bima haimuumizi mtu yeyote. Nilisema hivyo hivyo.

Mkandarasi, kijana wa hapa hapa, akaileta. Nikakagua muhuri, sahihi na tarehe ya mwisho. Sikukuta kosa. Akasawazisha ardhi, akasimamisha nguzo za wavu wa nyuma ya mpigaji. Mvua ikabeba kifusi mpaka kwenye mashamba ya pamba. Akajaza tena, ikabeba tena. Baada ya hapo simu yake haikupatikana, tukasikia yuko machimboni Geita. Dhamana ilikuwa imebakiza siku nne. Kamati ikaniagiza niandike madai.

Siku ya tatu asubuhi, dada mkubwa wa mkandarasi alikuja kwenye kibanda changu cha kuchapia. Ni mjane, anauza mchele sokoni. Alisimama mlangoni, akanisalimu Kisukuma.

"Mwangaluka."

"Mwangaluka, mama. Karibu ukae."

Hakukaa. "Hiyo barua ukiipeleka, wanalipa akina nani?"

"Kampuni ya bima, mama."

"Na kampuni inamdai nani?"

Hilo sikuwa nimelisoma popote. Akatoa karatasi kwenye kitenge na kuiweka mezani. Ilikuwa nakala ya makubaliano ambayo kampuni ilimtaka asaini kabla ya kumpa mdogo wake dhamana. Wakilipa, watazidai fedha hizo kwake, na alichoweka rehani ni nyumba yake.

"Aliniambia wewe katibu umesema ni karatasi tu, haimuumizi mtu," akasema. "Nikasaini."

Nilimwambia ningeomba dhamana iongezwe muda. Nikapiga simu kwa kampuni mbele yake. Wakataka sahihi ya mkandarasi, na mkandarasi hakupatikana. Nikampigia mwenyekiti. Akasema uwanja ni wa watoto wa kata nzima, si wangu wala si wake, barua iende.

Nilipomgeukia yule mama, alikuwa anaitazama barua kwenye meza.

"Jina langu limo humo?"

"Hapana, mama. Halihitajiki."

"Liweke. Kama unanitoa kwangu, nitoe kwa jina."

Niliitafuta nafasi. Niliijua barua ile kwa moyo, kila mstari, na hapakuwa na mahali ambapo jina lake lingekaa bila kampuni kuirudisha kwa kasoro. Nikamweleza hivyo. Hata mimi niliposikia maneno yangu niliona aibu. Akakunja nakala yake akaondoka.

Kesho yake nilipanda basi la Mwanza, nikaikabidhi barua mkononi, nikagongewa muhuri wa kupokelewa. Kampuni ililipa, fundi mwingine akamaliza kazi. Yule mama aliuza nyumba akailipa kampuni kabla haijamfuata, akahamia kwa mwanawe kule Nkoma. Siku za soko bado analeta mchele Bariadi. Nikimwamkia ananijibu, kwa sababu kwetu salamu hainyimwi mtu. Kisha anamgeukia mteja anayefuata, nami nabaki nimesimama na mfuko wangu mtupu, siwezi kununua kwake na siwezi kununua kwa mwingine.