Siku Niliposema Baba Amezeeka Tu

Bado naiona ile Jumapili, mwanangu. Baba yangu ameketi uani kwa kaka yangu, kule Kamatanda, mikono ameianika juani, ananitazama kama mgeni.

"Weye ni mutoto wa nani?" akaniuliza.

Mimi ni kitinda mimba wake. Huo ulikuwa mwaka wangu wa kwanza wa uuguzi hapa Likasi, na nilijiona mtu mkubwa sana.

Baba alifanya kazi ya kiwandani hadi akastaafu. Mama alipofariki, alihamia kwa kaka yangu, na mke wa kaka, Béatrice, ndiye aliyempikia bukari, ugali wetu wa mahindi, na kumfulia. Mwaka ule akaanza kunyong'onyea. Kuhara hakukuisha. Ngozi ya mikono na shingo ikawa nyeusi na kubanduka kama iliyoungua. Mwishowe na akili ikaanza kupotea.

Majirani walikuwa na jibu lao: Béatrice amemloga muzee. Kaka yangu akaanza kuwaamini. Jumapili hiyo Béatrice alinivuta jikoni akilia.

"Wifi, muzee anakataa samaki, juu meno yake imekwisha. Ni miezi anakula bukari tu. Ambia ndugu yako, minye sina bulozi."

Nilikuwa nawahi zamu. Nikamjibu nikiwa mlangoni, "Acha tu, ni buzee." Sikumwambia kaka lolote. Wiki haikwisha, Béatrice akarudishwa kwao Kapolowe kama mchawi.

Siku chache baadaye Mama Véronique, muuguzi aliyekuwa akinifundisha kazi, alipita kumsalimu baba. Hakuuliza habari za wachawi. Alifungua ukosi wa shati, akaona ngozi nyeusi imezunguka shingo yote, akanigeukia.

"Anakulaka nini?"

"Bukari, Mama."

"Na nini?"

Nikasema kwa sauti ndogo, "Bukari tu. Béatrice aliniambia."

"Alikuambia! Na weye ukasema nini?"

"Nilisema ni buzee."

"Buzee haichomake ngozi namna hii! Muntu iko anakufa mbele yako juu ya kukosa vitamini, na weye unavaa blouse nyeupe ya muuguzi!"

Mwanangu, nimekaripiwa mara nyingi maishani, lakini maneno yale sijayasahau hadi leo.

Tulimpeleka baba hospitali siku ileile. Nikiwa kando ya kitanda chake ndipo Mama Véronique aliponieleza, safari hii kwa upole. Ndani ya kila seli ya mwili mna kitu kidogo ambacho wataalamu hukiita NAD. Hicho ndicho kinachosaidia kuitoa nguvu iliyo katika chakula na kuifikisha pale seli inapoihitaji. Mwili hukiunda zaidi kwa vitamini iliyomo katika samaki, nyama na karanga. Mahindi nayo yanayo vitamini hiyo, ila imefungika, na mwili haupati nyingi. Kwa hiyo baba alikuwa akishiba bukari kila siku, na seli zake zinakosa nguvu.

Alipewa vidonge vya vitamini hiyo. Baada ya siku chache kuhara kukakoma. Halafu asubuhi moja nilimletea uji wa karanga, akanitazama, akasema, "Yolande, mbona umekonda? Kule kwa kazi hawakupi chakula?" Nilicheka na kulia pamoja.

Kazi ngumu ilikuwa imebaki. Nilimweleza kaka kila kitu, pamoja na kosa langu, tukaenda wote Kapolowe. Mbele ya wazazi wa Béatrice nilipiga magoti.  Béatrice akauliza, "Muzee iko anakula sasa?" Nikasema ndiyo. Alikaa kwao mwezi mzima kabla ya kukubali kurudi, na alikuwa na haki. Aliporudi, alimsagia baba samaki wakavu wa Mwadingusha mpaka wakawa unga, akauchanganya na mboga. Baba aliishi miaka mingine mingi.

Sasa mimi ndiye mzee, na ninyi mnanionyesha kwenye simu vidonge vya NAD vinavyosemekana kurudisha ujana. Sivicheki. Ni kweli kwamba kitu hiki huelekea kupungua mwilini tunapozeeka, na wataalamu wanatafuta kama kukiongeza kutatusaidia. Katika panya wameona mambo ya kutia moyo. Kwa watu bado hawajathibitisha. Huenda ninyi mtaliona jibu, na ninafurahi kwa ajili yenu. Wakati tunangoja, kuleni chakula cha aina mbalimbali, tembeeni, laleni vya kutosha.

Na ukimwona mzee anadhoofika, mwanangu, usiharakishe kusema ni uzee, wala usitafute mtu wa kumlaumu. Muulize anakula nini. Msikilize anayempikia, kisha mpeleke hospitali.

Mungu akuzeeshe vizuri, mwili ukiwa na nguvu, akili ikiwa wazi, na nyumbani mwako asifukuzwe mtu kwa uongo.